Mtu wa Makamo na Amana ya Akili

Katika dua ambazo Waislamu wa pwani yetu wamezirithi kwa baba na babu, na ambazo huombwa baada ya sala na watu ambao pengine hawakupata kukaa kitako wakayatafakari maneno yake, imo ile ya kumwomba Mwenyezi Mungu amkinge mja wake na kurudishwa katika umri ulio dhalili kuliko yote, umri ambao mtu huwa hakijui tena alichokuwa akikijua. Anayeiomba kwa machozi aghalabu ni shaibu wa miaka sabini na mitano, aliyekwisha kumwona jirani yake amepiswa, anamwita mkewe kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, na anatoka nyumbani alfajiri na kanzu aliyoivaa ndani nje, kwenda kazini katika ofisi iliyofungwa miaka thelathini nyuma. Na huku mwanawe wa miaka arobaini na minane, aliyesimama safu ya pili, haoni kwamba maneno yale yanamhusu. Muradi wa makala haya ni kumwambia huyo wa safu ya pili kwamba yanamhusu yeye kwanza.

Maradhi ya kupotewa na akili uzeeni, ambayo matabibu huyaita dimenshia, si ugonjwa mmoja. Mwaka 1906, katika mkutano wa matabibu mjini Tübingen huko Ujerumani, daktari aitwaye Alois Alzheimer alieleza habari za mwanamke aliyemjua hospitalini Frankfurt, ambaye alianza kupoteza kumbukumbu kabla ya uzee kumfika, akafa akiwa na miaka 55, na ambaye ubongo wake, ulipotazamwa kwa hadubini, ulionekana umejaa madonge na nyuzi zilizosokotana. Ugonjwa uliopewa jina la daktari huyo ndio ulio mwingi kuliko yote ya jamii hii. Unaofuata ni ule utokanao na mishipa midogo ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, pengine kwa kiharusi kinachomlaza mtu kitandani, pengine kwa majeraha madogo madogo ambayo mwenyewe hakuyatambua. Na katika wazee wengi, ubongo ukichunguzwa baada ya mauti, hayo mawili hukutwa pamoja.

Jambo la kuzingatiwa khasa ni wakati. Ile protini inayofanya madonge, iitwayo amiloidi, huanza kujikusanya takriban miaka 20 kabla ya mtu kusahau jambo la kwanza la kutia shaka, na mishipa ya damu nayo haiharibiki kwa siku moja. Basi mzee anayepelekwa hospitali na watoto wake akiwa na miaka 72, kwa sababu amepotea njia ya msikiti aliousali aushi yake yote, yamkini maradhi yake yalianza alipokuwa na miaka 50, siku ambazo alikuwa akijenga nyumba, akiozesha mabinti, na akisema kwa ulimi mkavu kwamba yeye hana haja ya daktari.

Haya tunayajua kwa ushahidi wa watu walio mbali nasi sana, nao waliutoa bila ya kuukusudia. Mashariki ya Ufini, nchi ya kaskazini ya Ulaya, kwenye mpaka wake na Urusi, liko jimbo la misitu na maziwa liitwalo Karelia ya Kaskazini, ambalo wanaume wake, wengi wao wakata magogo na wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa, walikuwa katika miaka ya 1960 wakifa kwa maradhi ya moyo wangali na nguvu za kazi, kwa wingi ambao takriban haukuwa na mfano duniani. Siagi waliipaka nene juu ya mkate, nyama waliila na shahamu yake na chumvi tele, mboga za majani hawakuzihesabu kuwa chakula, na zaidi ya nusu ya wanaume walivuta sigara. Mwaka 1971 wakuu wa jimbo walipeleka maombi serikalini wasaidiwe, na mwaka 1972 ukaanza mradi ambao uongozi wake alikabidhiwa tabibu kijana asiyefikia miaka 30, jina lake Pekka Puska. Huyu hakuanza kwa kuwajengea watu hospitali kubwa. Alikwenda jikoni kwao. Akina mama wa chama kiitwacho Martha waliitisha karamu za vijijini, wakawapikia waume zao vyakula vile vile vya kienyeji lakini kwa mafuta machache na mboga nyingi. Watengenezaji wa soseji walishawishiwa kupunguza chumvi na shahamu. Na wafugaji waliopoteza soko la siagi wakasaidiwa kulima matunda ya nchi ile. Miongo minne haikutimia ila vifo vya moyo kwa wanaume wa makamo vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Lakini faida ambayo hakuna aliyeitazamia ilikuwa imelala katika madaftari. Watu wa jimbo lile na wa jimbo jirani la Kuopio, waliopimwa presha, uzito na damu tangu mwaka 1972, habari zao zilihifadhiwa, na mwaka 1998 watafiti, akiwamo tabibu Miia Kivipelto, waliwaendea wale waliokuwa sasa na miaka kati ya 65 na 79, wakapata 1,449 waliokubali kupimwa kumbukumbu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2001 ilidhihirisha kwamba yule ambaye katika makamo yake namba ya juu ya presha ilifika 160 au zaidi, na kadhalika yule aliyekuwa na lehemu nyingi, yaani mafuta yatembeayo katika damu, hatari yake ya kupatwa na Alzheimer ilikuwa mara mbili na ushei kuliko ya mwenziwe, na aliyekuwa nayo yote mawili ilipita mara tatu. Katika watu wale wale ikaonekana baadaye kwamba waliokuwa na ada ya kuutia mwili jasho angalau mara mbili kwa wiki walipokuwa wa makamo, hatari yao ilikuwa takriban nusu ya hatari ya waliokuwa wakikaa tu.

Mwenye kupenda hoja atasema, na ana haki kusema, kwamba kutazama si kujaribu. Huenda watu wenye mazoezi walikuwa na bahati nyingine iliyowakinga. Ndiyo maana Kivipelto na wenziwe waliwachukua Wafini 1,260 wa miaka 60 hadi 77 waliokuwa katika hatari, wakawagawa mafungu mawili kwa kura, fungu moja likapewa nasaha za kawaida, na la pili likaongozwa kwa miaka miwili katika chakula, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili, na uangalizi wa presha na sukari. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba maendeleo ya fungu la pili katika mitihani ya akili yalizidi ya fungu la kwanza kwa asilimia 25. Hiyo ni mitihani ya akili na wala si hesabu ya waliougua, nami sitaki kuifanya kubwa kuliko ilivyo. Walakini ikiwa mtu wa miaka 70 bado anaweza kufaidika, seuze wa miaka 45.

London nako kuna watumishi wa serikali ambao wamekuwa wakifuatwa na watafiti tangu mwaka 1985, na kwao ilipatikana hesabu ambayo kwangu mimi ina uzito kuliko zote nilizozitaja. Aliyekuwa na presha ambayo namba yake ya juu ni 130 au zaidi akiwa na miaka 50 alikuwa katika hatari ya dimenshia iliyozidi ya mwenziwe kwa takriban asilimia 38. Lakini presha hiyo hiyo ilipopimwa akiwa na miaka 60 au 70, uhusiano ule haukuonekana tena. Afikiri msomaji maana yake: ile namba 130, ambayo wengi wetu tukiambiwa tunashukuru na kwenda zetu, ilikuwa na neno la kusema katika miaka 50, na baada ya hapo wakati wake wa kusema ukapita.

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu walao siagi. Wilayani Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, walichunguzwa wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 wenye dimenshia walikuwa asilimia 6.4, na katika uchunguzi mwingine wa wilaya hiyo hiyo, wazee takriban 7 katika kila 10 walikutwa na presha, walio wengi wakiwa hawana habari nayo. Nao ni watu wa migomba na kahawa, waliopanda na kushuka vilima kwa miguu tangu utoto. Ikiwa hali ni hiyo kwa mkulima wa Hai, sembuse karani wa Dar es Salaam au Mombasa, anayepanda bodaboda kutoka kituoni mpaka mlangoni pake?

Juu ya presha nitakawia, kwa kuwa naona ndipo penye mlango ulio wazi zaidi kwetu, na ndipo tunapoghafilika zaidi. Presha haiumi. Tumezoea kwamba maradhi hujitangaza, homa kwa joto na tumbo kwa msokoto, na kisichojitangaza tunakihesabu kuwa hakipo. Wapo wanaoamini kwamba ni maradhi ya wanene na wenye mawazo mengi, wakastaajabu sana anapoanguka kwa kiharusi mtu mwembamba mwenye furaha zake. Wapo wanaoikimbia dawa kwa sababu wamesikia barazani kwamba ukishaianza huiachi, kana kwamba kutoiacha ndiko kunakodhuru. Na hao hao miwani wameivaa miaka kumi bila ya kulalamika. Na wako wengi, pengine ndio wengi kuliko wote, ambao hupimwa, wakapewa vidonge vya mwezi, wakavimeza wiki tatu, wakarudi kupimwa wakaambiwa 128 kwa 80, wakafurahi kwa dhati, wakaviweka vilivyobaki juu ya kabati penye risiti za umeme na tasbihi iliyokatika, wakijua wamepona, ilhali ile namba nzuri ilikuwa kazi ya vidonge vile vile walivyoviweka. Miezi sita baadaye presha imerejea pale pale ilipokuwa, nao hawajui, maana hawakurudi kupimwa. Sina ugomvi na kitunguu saumu, wala na maji ya ukwaju, wala na mdalasini ndani ya chai. Mtu ale na anywe apendavyo. Ila asimwache tabibu kwa ajili ya hivyo, kwa kuwa mishipa ya ubongo haina subira ya kungoja tujaribu kila tulichosimuliwa.

Baada ya presha, jambo ambalo natamani lizungumzwe zaidi kwetu ni sikio. Jopo la wataalamu la jarida la tiba The Lancet, katika taarifa yake ya mwaka 2024, lilitaja mambo 14 ambayo, lau yangaliondolewa yote, takriban asilimia 45 ya maradhi haya duniani yangaliweza kuzuilika au kucheleweshwa. Na yaliyopewa uzito mkubwa kuliko yote ni mawili ya umri wa makamo, lehemu mbaya na upungufu wa kusikia, kila moja asilimia 7. La lehemu halimshangazi mtu. La sikio huwashangaza wengi, na mimi naona anayeishi penye baraza hana sababu ya kushangaa. Mtazame mtu wa miaka 55 aliyeanza kuwa na masikio mazito. Mwanzo huketi katikati ya wenziwe, akaomba arudiwe maneno. Baadaye huona haya kuomba, akawa anacheka wachekapo wengine, na kuitikia "naam" kwa swali lisiloitikiwa hivyo. Kisha husogea ukingoni mwa baraza, akajishughulisha na simu yake. Mwisho akitoka kusali hupita moja kwa moja nyumbani, na watu wakasema fulani siku hizi ana majivuno. Akili iliyokuwa kila jioni ikipokea habari, ikipinga hoja, ikikumbuka nani alimwoa nani na mwaka gani, sasa imebaki kimya kutwa, na kile kidogo kinachoifikia inakitafuta kwa taabu, nguvu ya kukumbuka ikaishia katika kusikia tu.

Marekani walijaribu kuwapa wazee wa miaka 70 hadi 84 vifaa vya kusaidia kusikia kwa miaka mitatu, na matokeo yakatangazwa mwaka 2023: kwa watu wote kwa jumla tofauti haikuonekana, lakini kwa wale waliokuwa katika hatari kubwa zaidi kudhoofika kwa akili kulipungua kwa karibu nusu. Si burhani timilifu, nami nakiri kwamba vifaa hivyo bei yake inawashinda walio wengi nchini mwetu. Ila yako yasiyo na bei. Fundi wa karakana na mwendesha mashine ya kusaga anaweza kuziba masikio yake wakati wa kazi. Mtoto anayetokwa na usaha sikioni asiachwe mpaka ukauke wenyewe. Nta iliyoganda itolewe na mhudumu wa hospitali na si kwa ufunguo wala njiti ya kiberiti. Na spika za harusi zinazotikisa madirisha ya mtaa wa tatu zingeweza kuteremshwa sauti na bibi harusi asipungukiwe na chochote.

Katika chakula sina haja ya kumletea mtu wa pwani mapishi ya ng'ambo. Samaki wa mchuzi, mbaazi, kunde, choroko, mchicha, kisamvu, matembele, mihogo ya kuchemsha, mapera na machungwa, hivyo vyote vilikuwa katika jiko la bibi zetu, na tui likiwa jepesi hakuna tabibu atakayevilaumu. Kilichotuharibia ni tulichokizidisha: chumvi, ambayo Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, nayo mtu huweza kuimaliza kwa kipande cha ng'onda na achari ya asubuhi, kabla hajafika kwenye vile vidonge vya mchuzi vya dukani; sukari, vijiko vinne katika kikombe, na vikombe vinne kwa siku; na mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mpaka yakawa meusi. Kitambi tulizoea kukihesabu kuwa dalili ya neema, hata mtu akipungua huulizwa kama anaumwa. Sigara na pombe sitazirefushia maneno, maana hakuna asiyejua.

Kuhusu mwendo, shirika hilo hilo linasema dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka zinamtosha mtu mzima, na hizo ni kama nusu saa kwa siku tano. Usingizi nao una hesabu yake: katika wale watumishi wa London, ambao safari hii walikuwa karibu 8,000, waliolala saa sita au chini ya hapo walipokuwa na miaka 50 na 60 walipatwa na dimenshia kwa takriban asilimia 30 zaidi ya waliolala saa saba.

Pana jambo ambalo ningeona nimekosa insafu nikilipita. Asilimia 45 ni hesabu ya umma, si ahadi kwa mtu mmoja. Wako waliotembea, wakala mboga, wakasoma vitabu, na bado akili ikawatoka. Kuna urithi wa damu usiochaguliwa, na kuna umri wenyewe, ambao ndio sababu kubwa kuliko zote. Basi asiwepo wa kumwambia binti anayemwuguza mama yake kwamba mama alijitakia. Na binti huyo mwenyewe tumtazame vizuri, kwa kuwa katika nyumba zetu mgonjwa wa namna hii haendi mahali pengine; huuguzwa na binti au mkaza mwana wa miaka 45 au 52, anayeamka saa nane za usiku kumrudisha mzee kitandani, asiyepata nafasi ya kutembea wala ya kukaa na mashoga zake, anayekula kilichobaki wakati unaobaki, na ambaye hapana aliyemwuliza presha yake ni ngapi. Yeye yumo katika ile miaka tunayoisema. Ndugu wanaoleta pesa mwisho wa mwezi na kujiona wamemaliza wajibu wangefanya wema mkubwa zaidi kumpokea zamu usiku mbili kwa wiki, alale.

Tukirudi kwenye presha, mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanywa katika vijiji 326 vya China, kwa watu karibu 34,000 wa miaka 40 na zaidi ambao presha yao ilikuwa haijadhibitiwa. Katika nusu ya vijiji hivyo, wahudumu wa tiba wa kijijini, ambao si madaktari wa chuo kikuu, walifundishwa kuwapimia wagonjwa dawa na kuiongeza hatua kwa hatua kwa utaratibu ulioandikwa. Dawa zikatolewa bure au kwa bei nafuu, na wagonjwa wakafundishwa kujipima nyumbani. Baada ya miaka minne waliopatwa na dimenshia katika vijiji hivyo walikuwa pungufu kwa asilimia 15 kuliko katika vijiji vilivyobaki na huduma ya kawaida. Hapakuwa na mashine ya mamilioni wala dawa mpya. Tanzania mwaka 2024 ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao huingia nyumba kwa nyumba kwa ajili ya mama wajawazito, watoto na malaria, na sioni tadbiri iliyo karibu nasi kuliko kutia kipimo cha presha katika mkoba wa kila mmoja wao, na kuhakikisha kwamba vidonge havikosekani katika zahanati atakayomwelekeza mtu, kwa kuwa kumwambia mgonjwa namba yake na kisha kumrudisha mikono mitupu ni kumwongezea wasiwasi bure.

Na aliyetimiza miaka 40 asingoje mhudumu. Aende penye kipimo, zahanati au duka la dawa, asiwe ametoka kuvuta sigara wala kunywa kahawa. Aketi kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo mbili chini, miguu isipishane. Mkono auweke juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ufungwe juu ya ngozi na si juu ya mkono wa shati, asizungumze. Apimwe mara mbili, na namba zote mbili aziandike kwa tarehe katika daftari au katika simu yake. Ikiwa namba ya juu ya presha inafika 130 au zaidi, arudi baada ya siku chache kupimwa tena, na ikishika hapo hapo aonane na tabibu, wala asimfiche kama vidonge vya zamani aliviacha. Akirudi mara hiyo ya pili, aje na mkewe, au aje na mumewe, kwa kuwa mara nyingi wamekula chungu kimoja miaka ishirini.